Mdogo wangu ametoka gerezani, mama anataka nimpe kazi palepale alipoiba

Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 38 na nina karakana ya ushonaji niliyoianza na cherehani moja ya kukanyaga. Leo tuko watu tisa. Nakuandikia kwa sababu mimi na mama hatusemezani vizuri, na aliyetufikisha hapo ni mdogo wangu wa kiume.

Miaka mitano iliyopita alikuwa akifanya kazi kwangu. Alikuwa na miaka 23, mchangamfu, na mashine ikikorofisha yeye ndiye aliyeifungua akairudisha kabla hatujamaliza kulalamika. Nilimwamini hata funguo za karakana nikawa namtuma nazo. Kumbe mmoja aliupeleka kuchongesha. Usiku mmoja yeye na wenzake wawili waliingia wakabeba cherehani nne za umeme, overloki mbili na vitambaa vya wateja, vikiwamo vya sare za shule ambazo nilitakiwa kuzikabidhi wiki ileile. Mlinzi wetu, mzee mmoja mtulivu, alijaribu kuwazuia wakampiga chuma mkononi, na mpaka leo vidole vyake viwili havikunji sawasawa, ila bado yuko nasi, siku hizi analinda mchana.

Nilifidia wateja kwa miezi 17. Ile kazi ya sare sikuipata tena. Mahakamani nilisimama nikatoa ushahidi, nikimtazama mdogo wangu usoni, naye akakana kila kitu. Siku hiyo mama hakuja. Mdogo wangu alihukumiwa miaka sita, akakaa karibu minne, akaachiwa mapema kwa tabia njema.

Barua yake ya kwanza kutoka gerezani ilisema marafiki walimponza. Mwaka wa pili ikaja nyingine, fupi: "Dada, ufunguo nilichongesha mimi. Na wazo lilikuwa langu." Nililia, nikaitia kwenye droo, sikuijibu. Bado iko humo.

Sasa ana miezi saba nje. Huko ndani alijifunza uchomeleaji na ufundi wa mitambo, na ana cheti. Ameomba kazi sehemu sita. Kote mazungumzo huenda vizuri hadi anapoulizwa miaka ile alikuwa wapi. Anakaa kwa mama, haombi kitu, anaamka kabla ya kila mtu na kufagia uwanja. Mwezi uliopita mama aliniita akaniambia nimrudishe karakanani. Akasema, "Mtoto akinyea mkono haukatwi." Wajomba nao wakaniambia ameshalipa deni lake, mimi nataka alipe mara ngapi? Mama ametoa hata maelezo ya kuwapa wafanyakazi wapya: tuseme alikuwa safarini.

Mshauri, mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akija kunisalimu, namwandalia kiti vizuri kabisa, halafu najikuta napapasa mkoba kuhesabu funguo. Anaona. Anageuza uso. Mimi nabaki na aibu kama mwizi ni mimi.

Naomba uniambie ukweli. Mtu aliyefungwa akajirekebisha anastahili kweli nafasi ya pili, au hayo ni maneno ya watu ambao hawajaibiwa?

Dada Mtu

*

Marahaba, mwanangu, na pole.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilishika kalamu nikawa nahesabu. Mama umemtaja tena na tena. Mashine umezitaja kwa idadi na aina. Funguo zimo mwanzo mpaka mwisho. Mzee mlinzi umempa sentensi moja, nayo umeifunga kwa "ila bado yuko nasi", kama mtu anayesema meza ilikwaruzwa lakini inatumika. Sikusemi kwa ubaya. Kosa likitendwa na ndugu, kesi huwa ya ukoo, na mtu baki aliyeumia husukumwa pembeni bila mtu kukusudia. Lakini mama anapokuambia mkono haukatwi, mkumbuke mwenye mkono ulioumia. Hayumo katika kikao chenu hata kimoja.

Nitarudi kwake. Kwanza swali lako, maana umeliuliza waziwazi.

Ndiyo, anastahili. Na silisemi hilo kwa kuwa sijaibiwa. Nimeibiwa, na mtu niliyekuwa namlisha. Nalisema kwa sababu watu wengi mno walioiba ujanani huacha. Wanasosholojia wawili wa Marekani, Robert Sampson na John Laub, walifuatilia maisha ya wanaume waliokuwa watoto watukutu wa Boston, waliopelekwa kwenye shule za marekebisho, mpaka baadhi yao wakafika miaka 70. Hata miongoni mwa waliokuwa na rekodi nzito, uhalifu ulipungua kadiri umri ulivyosonga, na yaliyowashika mkono yalikuwa mambo ya kawaida kabisa: kazi ya kudumu, ndoa yenye utulivu, jeshi. Kazi, mwanangu. Si mahubiri. Mtu mwenye mahali pa kwenda asubuhi na mtu wa kumuuliza jioni umeshindaje, anakuwa na kitu cha kupoteza.

Na hicho ndicho wanachonyimwa. Usidhani mdogo wako ameshindwa sehemu sita kwa uzembe. Mwaka 2003 mwanasosholojia Devah Pager alichapisha utafiti alioufanya Milwaukee, mji wa Marekani: vijana waliolingana kwa elimu na mwenendo walitumwa wawili wawili kuomba kazi, mmoja akijitaja kuwa amewahi kufungwa. Hakuna aliyewahi kufungwa kweli. Walikuwa wakipokezana hiyo "rekodi". Kwa Wazungu, asiye na rekodi aliitwa tena asilimia 34 ya mara alizoomba, mwenye rekodi asilimia 17. Kwa Weusi ilikuwa asilimia 14 dhidi ya 5. Wajomba wanasema deni limelipwa, lakini huko nje linaendelea kukatwa kila anapofungua mdomo. Tukimfungia mtu milango yote kisha tukamshangaa amerudi dirishani, sisi nasi tuna la kujibu.

Sasa hapa ndipo mimi na wajomba zako tunapoachana. Deni alilolipa ni la serikali. Serikali haikuvunjwa vidole, wala haikufidia wateja kwa miezi 17. Kifungo kinampa mtu haki ya kutoka lango la gereza akiwa raia. Hakimpi haki ya kuingia lango lako. Kustahili nafasi ya pili ni jambo moja, na kuidai kwa aliyemwibia ni jingine. Ukisema "anastahili, ila siwezi kuwa mimi", bado hujawa dada mbaya. Naongeza tu tahadhari moja: neno hilo linamfaa aliyeumizwa. Wale waajiri sita hawakuumizwa na mtu, na wote walilitumia.

Kuna watu watakuambia umsamehe kwanza ndipo ujue la kufanya. Mimi nasema viache viwili hivyo viende kila kimoja kwa mwendo wake. Unaweza kumsamehe leo usimpe ufunguo miaka mitano. Unaweza pia kumpa kazi huku moyo bado mzito, ukamlipa kila Jumamosi bila tabasamu, na ikawa halali. Tunavichanganya, halafu mtu anapopapasa mkoba anajiona hana imani ya kutosha. Mkono wako unakumbuka. Uache ukumbuke.

Umeniambia ana miezi saba. Watafiti wawili wa uhalifu huko Marekani, Alfred Blumstein na Kiminori Nakamura, waliwahi kuuliza swali linalokusumbua, kwa takwimu: inachukua muda gani mpaka mtu aliyekamatwa asiwe na hatari zaidi ya mtu mwingine yeyote wa rika lake? Walitumia rekodi za waliokamatwa mara ya kwanza mwaka 1980 katika jimbo la New York, wakachapisha majibu yao mwaka 2009. Kwa kijana wa miaka 18 aliyekamatwa kwa uvunjaji wa nyumba ilikuwa kama miaka 3.8 bila kukamatwa tena. Kwa unyang'anyi, kama 7.7. Usizichukue namba hizo kama kalenda ya mdogo wako, yeye si kijana wa New York. Ila zinakuambia vitu viwili ambavyo mama na wewe mnavigawana nusu nusu. Hatari inashuka, na inaweza kushuka mpaka ikaisha. Tena inashuka kwa miaka, na mtaani, mahali penye vitu vya kuibwa. Miaka ya gerezani mimi siihesabu sana katika hilo.

Hata sheria zenye huruma zinajua hivyo. Uingereza ina sheria ya mwaka 1974 inayofanya hukumu nyingi zihesabike zimekwisha baada ya muda fulani kupita bila kosa jipya, hata mtu akiulizwa na mwajiri halazimiki kuzitaja. Lakini sheria hiyohiyo imeacha kazi kadhaa nje, kwa mfano za kukaa na watoto. Huko mtu hurudishiwa heshima kabla hajarudishiwa kila kiti, na hakuna anayeona ni matusi.

Turudi kwa mzee.

Kabla hujampa mama jibu lolote, nenda ukakae naye. Mkae pembeni, muda usio wa kazi, wala usimwite ofisini kwako maana akiitwa na bosi atasema "sina neno, mama" hata kama ana neno kifuani. Mwambie: kijana ametoka, naombwa nimpe kazi, na sitaamua kabla sijakusikia. Kisha unyamaze. Usimwombe amsamehe. Usimwambie kijana amebadilika, hilo si lako kumwambia. Na umwahidi mapema kwamba jibu lolote atakalotoa halitagusa kazi yake. Yeye amebaki langoni pako miaka mitano na vidole vile. Kumleta aliyemvunja apite mbele yake kila asubuhi bila kumuuliza itakuwa ni kumpiga mara ya pili, safari hii kwa mkono wako.

Huenda akasema anataka kumwona. Wengi hutaka, na si kwa shari. Wana maswali yaliyowakosesha usingizi. Mwaka 1974 huko Elmira, mji mdogo wa Ontario, Kanada, vijana wawili walilewa usiku mmoja wakaharibu mali za watu 22: madirisha, matairi, chochote walichokutana nacho. Badala ya kuwafunga tu, hakimu alikubali ombi la afisa aliyewasimamia, wakapelekwa mlango kwa mlango kuonana na waliowaharibia. Walisimama mbele ya watu hao wakasikia, na ndani ya miezi michache wakawalipa. Mmoja wao alipokuwa mtu mzima alijitolea katika kazi hiyohiyo ya kukutanisha wakosaji na waliokosewa. Simulizi hiyo imerudiwa sana kwa sababu ya mwisho wake mzuri. Mimi huipendea mlango wa kwanza. Fikiria kusimama pale, hujui atakayefungua ni nani.

Mdogo wako ameandika "wazo lilikuwa langu" kwako. Kwa mzee amewahi kuandika? Hujasema, nami nahisi hajaandika. Muulize. Na usimfundishe la kusema. Jibu lake hapo litakuambia mengi kuliko cheti na uwanja uliofagiwa, ingawa uwanja nao nimeuona, na nimeupenda.

Hapohapo nikutahadharishe na upande wa pili. Usigeuze kukiri kuwa adhabu ya kila siku. John Braithwaite, mtaalamu wa uhalifu wa Australia, aliandika mwaka 1989 kwamba kuna aibu inayomrudisha mtu kundini na kuna inayomtupa nje moja kwa moja: ya kwanza hulaani kitendo na kuacha mlango wazi, ya pili humbandika mtu jina. Mtu akiitwa mwizi kila anapochelewa, kila anapoinama kuokota pini, mwishowe anakwenda kutafuta waliko wezi wenzake, maana huko angalau anaitwa kwa jina lake. Kama utampa kazi, yaliyopita yasemwe mara moja, kikamilifu, kisha yafungwe.

Na yasemwe kweli. Maelezo ya safari ya mama yakatae. Najua anamficha mwanawe, mama yeyote angetaka. Lakini karakana ina wafanyakazi wa zamani wanaojua, na uongo huo utadumu mpaka siku ya kwanza ya ugomvi. Hapo kijana atakuwa na makosa mawili: wizi wa zamani na uongo mpya, na huo wa pili mtakuwa mmeutenda nyote. Si lazima utangaze pia. Wafanyakazi wapya hawadai historia ya kila mtu. Anayeshika funguo na anayeshika hesabu wajue. Wengine wakiuliza, wajibiwe kwa sentensi moja ya kweli.

Tuseme mzee amekubali, nawe roho imekubali. Basi usimrudishe kwenye kiti chake cha zamani. Mpe kazi ya kutengeneza mashine, kwa saa za mchana, kwa ujira ulioandikwa, kwa miezi mitatu kwanza, kisha mkae mzungumze upya. Funguo hapana. Fedha hapana. Mwambie mwenyewe sababu, na mwambie sababu ya pili ambayo pengine hajaifikiria: siku kitakapopotea kitu karakanani, na kila karakana hupotea kitu, macho yote yatamgeukia. Asiyekuwa na ufunguo ana cha kujibu. Hiyo kufuli inamlinda yeye kuliko inavyolinda overloki. Mkubaliane pia mambo madogo yatashughulikiwaje, kuchelewa, kuvunja sindano, kujibizana, ili kosa dogo libaki dogo. Nimeona watu wakimpa mtu "nafasi ya pili" halafu wakamsubiri ateleze kama paka anayesubiri panya; akachelewa dakika kumi, wakapumua.

Tuseme mzee amekataa, au wewe mwenyewe umejikuta huwezi. Kazi bado unayo ya kufanya. Una wateja, una wanaokuuzia vitambaa na vipuri, unajuana na wenye karakana za chuma. Nenda kwa mmoja umwambie: huyu ni mdogo wangu, aliniibia mimi, alifungwa, hii ndiyo kazi anayoijua, nami nakuambia nikijua. Hakuna barua ya utambulisho yenye uzito kama inayoandikwa na aliyeibiwa. Wale sita waliomkataa hawakuwahi kusikia maneno hayo kutoka kwa mtu yeyote. Hapo utakuwa umempa nafasi ya pili, umbali wa kilomita kadhaa na funguo zako.

Ile barua iliyo kwenye droo, ijibu. Mistari miwili inatosha, hata kama ni "nilipokea, nilisoma". Ameishi miaka bila kujua kama ilifika.

Na kama mzee amesema hapana, usimwambie mama, usiwaambie wajomba, usimwambie mdogo wako kwamba aliyekataa ni mzee. Sema umekataa wewe.